Vishubaka Mia Sita

Bweni la Wasichana,
Ghorofa ya Pili, chumba cha mwisho.
Alhamisi asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini barua hii itakukuta umeketi, umevua yale mabuti ya mpira, na mikono yako imepata nafuu ya mipasuko ya sabuni ya hospitali. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Anakunywa dawa yake mwenyewe, au bado anamgawia kila jirani anayekohoa? Mdogo wangu naye, ameacha kuvaa viatu vyangu? Mwambie asijisumbue kukanusha, namjua. Shangazi mpe salamu zake peke yake, kwa sababu ukimchanganya na wengine atasema amedharauliwa na mtoto aliyembeba mgongoni.

Barua yako ya wiki iliyopita nimeipata na nimeisoma mara nne. Unaniambia kwamba mpiga pasi mwenzako alikuonyesha kwenye simu picha yangu nikihutubia umati, kwamba mlizima mashine zote za kufulia ili msikie ninachosema, na kwamba wewe, uliyeniomba tangu utotoni nipunguze mdomo, ulisimama katikati ya mashuka machafu ukasema huyo ni damu yako. Baba, hujawahi kuniandikia maneno kama hayo. Ningekuwa mtu mwingine ningeyatia kwenye fremu. Mimi nimetembea nayo mfukoni siku sita, na kila nikiyagusa nahisi kama nimevaa nguo ya mtu. Leo nimeketi kuyajibu. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujamwita Mama.

Nianze na yale unayoyajua nusu. Unakumbuka kwamba mabomba ya bweni yalikauka siku kumi na moja, na kwamba Msajili wa chuo, tulipomwendea kwa adabu na maombi yaliyopigwa chapa, alitujibu kuwa suala hilo litashughulikiwa kwa wakati wake. Wakati wake! Kana kwamba kiu nayo ina ratiba. Tukafunga lango. Nikapanda kwenye benchi la mlinzi na kipaza sauti, na tangu siku ile hakuna anayeniita kwa jina langu. Chuo kizima kinaniita Kipaza. Maji yalirudi siku ya pili. Siku ya tatu tulisimamishwa masomo watu watatu: mimi, kijana mmoja wa sheria tunayemwita Wakili, ambaye hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu, na msichana wa hisabati anayeitwa Kimya, ambaye kosa lake lilikuwa kushika upande wa pili wa bango.

Lakini nadhani sikukueleza sharti la kurudi. Tulipewa wiki sita za kazi katika masijala ya chuo. Kama kazi ingekamilika kabla ya ukaguzi wa Msajili, tungerudi darasani. Isipokamilika, kusimamishwa kungegeuka kufukuzwa, na miaka mitatu niliyosoma ingebaki hadithi ya kumsimulia Shangazi.

Masijala hiyo iko chini ya jengo la utawala. Ni chumba chembamba kama korido, chenye taa mbili, na ukuta mmoja mzima ni chuma kilichogawanywa vishubaka: mistari ishirini kutoka juu hadi chini, na kila mstari una vishubaka thelathini. Mia sita kwa jumla. Ndani ya kila kishubaka mna boksi la faili za waliowahi kusoma hapa, na kila boksi lina namba mbele. Namba zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia, na mstari ukiisha unaendelea na unaofuata, kama unavyosoma kitabu. Ila haziendi moja moja. Zinaruka, kwa kuwa maboksi mengi ya zamani yaliteketezwa. Huwezi kulitazama boksi lenye 4417 ukasema hili ni la ngapi. Unajua tu kwamba liko baada ya 4409 na kabla ya 4430.

Mwezi mmoja kabla ya sisi kufika bomba lilikuwa limepasuka juu ya chumba hicho. Vibarua waliyatoa maboksi mbio mbio, wakakausha ukuta, wakayarudisha mbio mbio. Kila boksi lilirudi karibu na lilipotoka, lakini karibu si mahali pake. Daftari la orodha lilikuwa limelowa hadi wino ukawa uji.

Mwenye chumba hicho ni mzee mmoja anayeitwa Bwana Kabati. Amekaa humo miaka thelathini na moja. Ni mfupi, ana shada la funguo kiunoni na sauti ya mtu aliyezoea kusema na karatasi. Siku ya kwanza alinitazama, akauliza kama mimi ndiye ile redio isiyo na kitufe cha kuzimia, akacheka peke yake, kisha akatusomea sheria za chumba. Boksi halitoki nje ya mlango. Boksi haliwekwi sakafuni, kwa sababu sakafu bado ilikuwa inatoa unyevu. Meza haiingii, tulipima. Na vishubaka vyote vimejaa, hakuna hata kimoja kilicho wazi cha kuegeshea. Kwa hiyo njia ni moja: mtu mmoja anachomoa boksi hili, mwingine anachomoa lile, mnapishana kwenye ngazi, kila mmoja analisukuma la kwake katika pengo la mwenzake. Mawili yanabadilishana mahali. Halafu mawili mengine. Halafu mawili mengine, mpaka ukuta mzima ukae sawa.

Darasani, kwenye kompyuta, tungeliita hilo kupanga matriki, yaani jedwali la namba, bila nafasi ya ziada, na lingetuchukua mistari sita ya maandishi na kikombe cha chai. Humo ndani, boksi moja lina uzito wa nusu ndoo ya maji, pembe zake ni za bati, na ngazi inayumba. Nilijifunza kwamba neno “badilisha”, nililolipigia kelele miaka mitatu kwenye mikutano, lina mabega na lina kiuno.

Bwana Kabati alitaka tufanye kwa njia yake. Unasimama kwenye kishubaka cha kwanza, unatafuta ukuta mzima namba iliyo ndogo kuliko zote, unaileta pale, na iliyokuwepo pale inakwenda ilikotoka ile. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Kila ukibadilisha, alisema, boksi moja limefika nyumbani na halisumbuliwi tena. Tulifanya hivyo siku nne. Siku nne, Baba, tukawa tumemaliza mstari mmoja na kidogo, maana kila mara unasoma mamia ya namba kutafuta moja. Wakili alitangaza kwamba kazi hiyo inakiuka haki za binadamu, akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu. Bwana Kabati alimjibu kuwa kumbukumbu zote zimo kwenye ukuta, achague boksi.

Ndipo Kimya akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alisema tuache kwanza kubeba. Tuziandike namba zote mia sita kwenye daftari, tuzipange kwenye karatasi, ambako namba haina uzito, na hapo tutajua kila boksi kwao ni wapi kabla ya kulinyanyua. Alikadiria kuandika na kupanga kungetuchukua wiki nzima.

Mimi nikakataa. Nilisema hatukuja kuwa makarani. Nilisema wiki nzima ya kuandika ni wiki nzima ambayo ukuta hautasogea, na Msajili akichungulia atakuta watu wameketi. Nikapanda ngazi ya tatu, ndiyo, nikahutubia watu watatu. Nilisema: kila mstari ujitawale! Tugawane mistari, kila mtu apange wa kwake kutoka namba ndogo hadi kubwa kwa kubadilishana jirani na jirani, bila kutembea chumba kizima. Mistari yote ikishakaa sawa, tushuke nguzo kwa nguzo, kutoka juu hadi chini, tufanye vivyo hivyo. Kila mstari umepangika, kila nguzo imepangika, kutabaki nini? Wakili akapiga makofi. Bwana Kabati alikuna shingo, akasema hajawahi kuona ikifanywa hivyo, lakini sisi ndio wasomi. Kimya alirudi kushika ngazi.

Na ilikwenda, Baba! Ilikwenda kwa kasi ya kulevya. Mabega yaliuma, vidole vilichanika, Wakili alianguka na ngazi mara mbili na mara zote mbili alitishia kuishtaki. Mchana tulikuwa tunakula mkate mlangoni, na Bwana Kabati alitugawia chai kutoka chupa yake, akituhadithia watu waliomo kwenye maboksi kana kwamba wamo kweli: huyu alilia alipopokea cheti, huyu alikuja kukifuata na watoto wanne. Hakuhitaji kusoma namba. Ukimtajia mwaka na kozi, mkono wake ulikuwa unanyooka wenyewe kwenye mstari fulani, kimo fulani. Alisema mkewe humdhihaki kwamba angeweza kulipata boksi lolote gizani lakini hajui soksi zake zinakaa wapi.

Mwanzoni mwa wiki ya sita tulimaliza nguzo ya mwisho. Alhamisi Msajili alishuka kukagua. Alichagua mstari wowote, akapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, namba zilipanda. Akachagua mwingine, zikapanda. Akashuka na nguzo moja, kisha nyingine, zikapanda. Alitupa mkono sote watatu, akamsainisha Bwana Kabati karatasi ya kupokea ukuta ukiwa katika mpangilio kamili, na Jumatatu tukawa darasani.

Hapo ndipo ulipopata ile barua yangu fupi ya furaha.

Wiki mbili baadaye zikaanza siku za watu kuja kuchukua kumbukumbu zao. Akaja mkunga mmoja kutoka mbali. Alikuwa amepata nafasi katika hospitali nyingine na alihitaji uthibitisho wa mafunzo yake kabla ya mwisho wa wiki. Bwana Kabati alimwambia aketi, ni dakika mbili. Mkono wake ukaenda pale ulipozoea kwenda miaka thelathini na moja. Boksi halikuwepo. Waliokuwa majirani zake wa kushoto na kulia walikuwa wamekaa bega kwa bega, kama halijawahi kuzaliwa. Akatafuta mstari wote. Akatafuta tena na tochi. Wakateremka makarani wawili wa Msajili, wakasoma mistari mitatu, wakachoka, wakapanda. Mkunga aliondoka bila karatasi na nafasi akapewa mwingine. Kesho yake likakosekana boksi la pili. Wiki hiyo yakafika matano.

Msajili hakuwa na haja ya kutafuta maneno. Ukuta ulikaguliwa ukaonekana sawa, mwenye ufunguo ni mmoja, na sahihi ni yake. Bwana Kabati aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa maboksi yako wapi. Alijibu kwamba hajui. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba labda ni macho yake. Wakamvua funguo, wakamwambia akapumzike nyumbani hadi uamuzi utakapotolewa.

Habari hiyo ilipofika bwenini, watu walinitazama mimi. Nani mwingine angesema? Na nilisema, Baba, hayo uliyoyasikia. Nilisimama mbele ya jengo la utawala mbele ya watu zaidi ya elfu moja, nikauliza ni ukuta gani katika chuo hiki ambao haukubebwa na mgongo wa mfanyakazi. Nikauliza kwa nini bomba likipasuka anayelowa ni mdogo. Nikauliza, mzee aliyetunza majina yetu, nani leo atalitunza la kwake? Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia, na ndilo jambo linalonitisha hadi leo, kwamba machozi yale hayakuwa ya uongo.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Nilijua. Sikujua baada ya hotuba, wala baada ya mkunga. Nilijua Jumanne, siku mbili kabla ya ukaguzi.

Kimya alinivuta nyuma ya mlango Jumanne hiyo, akachukua chaki, akaandika namba nne juu ya chuma. Mstari wa juu: moja, tatu. Mstari wa chini: mbili, nne. Akaniambia nisome mistari. Moja, tatu, mbili, nne, zote zinapanda. Akaniambia nisome nguzo. Moja, mbili, tatu, nne, zote zinapanda. Kisha akaniambia nisome kama kitabu. Moja, tatu, mbili, nne. Nilisimama pale, mimi mwenye miaka mitatu ya chuo kikuu, na mtoto wa darasa la pili angeliona. Alieleza kwa upole, kama anayeomba radhi, kwamba vibarua walipokuwa wakirudisha maboksi, baadhi waliyatupia kwenye mstari usio wao. Kwamba njia yangu iliyakubali huko yalikotupwa, ikayapanga vizuri sana mahali pasipo pao. Na kwamba hakuna mstari wala nguzo itakayowahi kulalamika, kwa kuwa kila mmoja ukijitazama peke yake unajiona uko sawa. Alikuwa ameyahesabu. Hamsini na matatu. Alisema tumwambie Bwana Kabati, tuombe wiki mbili.

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba suala hilo litashughulikiwa kwa wakati wake.

Nilisikia maneno yakitoka, Baba. Nilijua ni ya nani. Sikuyarudisha. Nikamweleza kwamba Msajili anatafuta sababu ya kutufukuza, na tukimpa sababu tutakuwa tumewasaliti wote waliosimama nasi langoni. Niliongea dakika kumi. Nilitumia neno “umma”. Nilipomaliza, Kimya alifuta zile namba nne kwa kiganja, na hakusema nami tena. Mimi niliyepanda benchi ili wasio na sauti wasikike, nilikutana na mmoja aliyekuwa na jambo la kusema, nikamzima.

Na halikuishia kwenye kunyamaza. Siku ya ukaguzi nilisimama upande wa kushoto wa ukuta, mgongo wangu ukiwa umefunika mwanzo wa mistari, pale ambapo jicho likitoka mwisho wa mstari mmoja kwenda mwanzo wa unaofuata lingeona namba imerudi nyuma. Kila Msajili aliposogea upande wangu nilimuuliza swali. Alidhani nimebadilika, nimekuwa na heshima. Bwana Kabati alikuwa mlangoni anatabasamu. Alisaini kwa kuniamini mimi.

Jumapili, barua yako ikiwa mfukoni, nilimwendea nyumbani kwake. Nilimkuta sebuleni, amevaa miwani mipya mizito inayomfanya aonekane kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi. Mkewe alinipokea kwa vifijo, akaita majirani waje wamwone binti aliyemtetea mumewe. Nililetewa kiti kizuri kuliko vyote. Nikaona kwamba mzee alipotaka kujimiminia chai, binti yake alimwondolea chupa mkononi kwa haraka, bila kusema kitu, jinsi unavyomwondolea mtoto kisu. Nikaona naye hakubisha. Mkewe akanong’ona kwamba siku hizi hawamruhusu kuvuka barabara peke yake, maana tangu aliposhindwa kuona maboksi amekubali kuwa hata magari hayaoni vizuri. Daktari wa macho amesema hana kitu, lakini yeye amesisitiza apewe miwani. Inamuumiza kichwa. Anaivaa.

Nilimwambia yote mbele ya mkewe na binti yake na majirani wawili. Sikuhutubia, Baba. Nilisema vibaya, nikirudiarudia, nikianza katikati. Nilichora namba nne kwenye bahasha.

Alizitazama muda mrefu. Aliivua miwani, akazitazama tena bila miwani. Kisha akaniuliza kama ninamaanisha kwamba macho yake ni mazima. Nikasema ni mazima. Akauliza na kichwa chake? Nikasema na kichwa, na mkono ulikwenda mahali penyewe hasa, ni boksi ndilo halikuwepo. Akainamisha uso. Nilidhani analia, lakini aliponitazama alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mpole. Aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kusema na karatasi, niliwezaje kumtetea mbele ya watu elfu moja, nikashindwa kumwambia yeye mmoja. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimeulizwa swali mbele ya watu nikakosa neno. Akaniomba niondoke. Mkewe hakunisindikiza.

Jumatatu saa mbili nilikuwa kwa Msajili. Nilimwandikia maelezo kurasa tatu na kutia sahihi yangu peke yake. Wakili hakujua lolote, na Kimya alisema ukweli kwa mtu asiyestahili kuambiwa. Jana kamati iliamua. Bwana Kabati amerudishiwa funguo zake na barua ya kuombwa radhi, ambayo naambiwa aliisoma bila miwani. Mkunga ameandikiwa, lakini nafasi yake haitarudi, na hilo hakuna kamati inayoweza kulibadilisha na jingine. Mimi nimefukuzwa chuo. Si kwa kufunga lango, Baba. Ningefukuzwa kwa hilo ningekuja nyumbani nikiimba. Nimefukuzwa kwa udanganyifu, na neno hilo limeandikwa hivyo hivyo, na sina hoja dhidi yake.

Niliomba jambo moja tu: nibakie wiki chache, bila cheo wala darasa, niyabebe yale hamsini na matatu hadi kwao. Msajili hakuwa na neno, alisema mwenye chumba aamue. Nilimfuata Bwana Kabati mlangoni mwa masijala. Kimya alikuwa ndani juu ya ngazi na daftari lake, Wakili ameshika ngazi chini, kwa mara ya kwanza hana kifungu cha kutaja. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana. Hakupandisha sauti. Alisema watu watatu wanatosha, na akavuta mlango taratibu, jinsi anavyoufunga kila siku ili vumbi lisiingie.

Nimechoka, Baba. Nilidhani uchovu ni wa mabega, ule uliokuwa unaisha nikilala. Huu hauishi. Nimefungasha sanduku langu, vitabu vya kozi nimewaachia wenzangu, na kesho nitarudisha ufunguo wa chumba. Barua hii naituma leo kwa basi initangulie, na mimi nitafika Jumamosi mchana. Tafadhali usije stendi kunipokea, wala usimtume mdogo wangu. Nataka kutembea mwenyewe kutoka stendi hadi mlangoni, nisalimiwe na yeyote atakayenisalimia, nijibu atakayeniuliza. Mama mwambie wewe kabla sijafika, kwa maneno yako machache, kwa kuwa yangu ni mengi mno na ameyasikia yote. Shangazi nitamwambia mimi.

Kama utanikasirikia, nikasirikie nikiwa mbele yako. Nitaketi nisikie, na sitakujibu mpaka umalize.

Nakushika mikono, Baba, pole pole mahali panapouma. Mfunike Mama vizuri usiku. Mungu akupe nguvu ya kazi na awape wote nyumbani afya hadi tuonane.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako.